Carthage: Mji uliosimuliwa na walioubomoa

Ziara ya siku moja katika magofu na pwani ya Tunisia, mahali lilikotoka jina la bara letu

Na MWANDISHI WETU

UKIMWULIZA Mkenya Afrika ilianzia wapi, pengine atakutajia mifupa ya watu wa kale iliyochimbuliwa kando ya Ziwa Turkana. Naye hatakuwa amekosea sana. Lakini jina lenyewe, hili neno Afrika ambalo watoto wetu huliimba shuleni na kuliandika kwenye ramani, halikutoka Turkana wala Bonde la Ufa. Lilitoka kwenye kipande kidogo cha pwani ya Bahari ya Mediterania, katika nchi ambayo leo huitwa Tunisia.

Wenyeji wa sehemu hiyo waliitwa na Warumi "Afri". Warumi walipoitwaa nchi yao waliifanya mkoa wa milki yao na kuuita Africa. Waarabu walipofika baadaye walilitamka Ifriqiya. Polepole jina hilo la mkoa mmoja likatambaa kuelekea kusini, kama maji yatambaavyo mkekani, hadi likalifunika bara zima, Mombasa na Cape Town zikiwemo.

Mji mkuu wa mkoa huo ulikuwa Carthage. Niliutembelea Jumamosi moja mwishoni mwa Mei, baada ya mkutano wa juma zima jijini Tunis kumalizika na kuniachia siku moja tupu kabla ya safari ya kurudi Nairobi. Mhudumu wa hoteli aliniambia kulikuwa na kikundi cha watalii kilichobakiwa na nafasi moja. Gari lilikuwa kama matatu zetu za abiria 14, ila halikuwa na muziki wala utingo wa kuning'inia mlangoni.

Tulikuwa tisa: mzee mmoja Mjerumani na mkewe, wanafunzi watatu wa chuo kikuu kutoka Senegal, mama mmoja wa Algeria na wanawe wawili, nami. Kiongozi wetu alikuwa mama wa makamo aliyevaa kofia pana ya ukindu. Alituambia kwamba alifundisha somo la historia kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na mara moja tukajua alikuwa mwalimu kweli, kwani kabla gari halijang'oka alimtaka kila mmoja wetu ataje alikotoka.

Nilipotaja Kenya alitabasamu. "Basi leo, ndugu yangu, unakwenda kuliona jina lako lilikozaliwa," akasema.

Kutoka Tunis hadi Carthage ni kama kilomita 15 tu. Barabara na reli hupita juu ya tuta lililojengwa katikati ya Ziwa la Tunis, maji kulia na maji kushoto, na heroe wachache, wale ndege wekundu tuliowazoea Nakuru, walikuwa wamesimama kwa mguu mmoja mbali na kelele za magari. Treni ndogo iliyotupita ilikuwa imejaa vijana waliokuwa wakielekea ufuoni. Njia hiyo ya reli ilifunguliwa mwaka 1872, zaidi ya miaka 20 kabla ya ujenzi wa reli yetu kuanza Mombasa. Msomaji atakayependa kwenda peke yake bila kiongozi anaweza kuipanda. Baadhi ya vituo vyake vimeitwa kwa majina ya kale, na kimojawapo ni Hannibal.

Ngozi ya ng'ombe

Tulianzia juu ya kilima cha Byrsa, ambako ukisimama unaiona Ghuba ya Tunis yote imetandazwa chini yako, na ng'ambo yake mlima wenye vilele viwili unaoitwa Bou Kornine. Hapo ndipo mji ulipoanzia, na hapo ndipo ulipofia.

Masimulizi ya kale yanasema kuwa mnamo mwaka 814 kabla ya Kristo, binti mfalme aitwaye Elissa, ambaye Warumi walimwita Dido, alitoroka Tiro, ule mji wa pwani ya Lebanoni unaotajwa mara nyingi katika Biblia. Ndugu yake alikuwa amemwua mumewe kwa tamaa ya mali. Alipotua katika pwani hii aliwaomba wenyeji wamwuzie ardhi inayoweza kufunikwa na ngozi moja ya ng'ombe. Walicheka, wakakubali. Elissa akaikata ngozi hiyo vipande vyembamba kama nyuzi, akaviunganisha, akauzungushia kilima kizima.

Wafoinike hao waliuita mji wao Qart Hadasht, yaani Mji Mpya. Neno hilo la pili lina undugu na neno la Kiarabu "hadith", ambalo maana yake ya asili ni kitu kipya au habari mpya, na ambalo sisi Waswahili tumelichukua tukapata "hadithi". Kwa hivyo mtoto wa Nairobi anayeitikia "hadithi njoo" anatamka, bila kujua, neno lenye mzizi mmoja na jina la mji huu.

Wanafunzi wa Senegal walikipenda sana kisa cha ngozi, lakini kiongozi wetu aliinua kidole. Neno "byrsa", alieleza, kwa Kigiriki maana yake ni ngozi. Yamkini Wagiriki walisikia jina la kilima, wakaona limefanana na neno lao, wakatunga kisa cha kulieleza. "Mkumbuke hilo siku nzima," alisema. "Karibu yote mtakayosikia kuhusu mji huu yalisimuliwa na Wagiriki na Warumi, na Warumi ndio walioubomoa."

Nami nikaikumbuka methali yetu kwamba mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake.

Tini za Cato

Carthage haukuwa mji wa wakulima tu wala wa mashujaa tu. Ulikuwa mji wa wafanyabiashara. Meli zake zilibeba fedha kutoka Uhispania, na zambarau ya kutia rangi nguo, mvinyo, mafuta ya zeituni na vyombo vya udongo. Ulitawala sehemu za Sicily, Sardinia na pwani ya Uhispania. Roma ilipoanza kukua na kuutazama bahari huo huo, mgongano haukuweza kukwepeka. Mafahali wawili hawakai zizi moja.

Walipigana vita vitatu. Vya kwanza vilidumu tangu mwaka 264 hadi 241 kabla ya Kristo, na Carthage ikapoteza Sicily. Katika vita vya pili, mwaka 218, jemadari Hannibal aliivuka milima ya Alps yenye theluji akiwa na jeshi lake na ndovu 37 ili aishambulie Roma kwa mlango wa nyuma. Huko Cannae, mwaka 216, aliwazingira Warumi na kuwaua makumi ya maelfu kwa siku moja. Alikaa Italia karibu miaka 15 bila Warumi kuweza kumwondoa. Mwishowe Warumi walivuka bahari, wakaitishia Carthage yenyewe, Hannibal akaitwa nyumbani, na mwaka 202 akashindwa na Scipio katika vita vya Zama.

Carthage ililazimishwa kulipa fidia kwa miaka 50 na kukatazwa kupigana na yeyote bila idhini ya Roma. Ililipa. Tena ilitajirika upya kwa kilimo na biashara, na utajiri huo ndio uliowaudhi baadhi ya Warumi.

Hapo kiongozi wetu alifungua mkoba wake, akatoa tini zilizokaushwa, akatugawia. Inasimuliwa kwamba mzee mmoja wa baraza la seneti, Cato, aliwahi kuangusha tini mbichi kutoka vazini mwake mbele ya wenzake, wakazisifu kwa uzuri. Akawaambia zimetoka nchi iliyo safari ya siku tatu tu kwa meli. Maana yake ilikuwa wazi: adui huyu yuko karibu, na ana shibe. Tangu hapo, inasemekana, kila alipohutubia, hata kama mjadala ulihusu mambo mengine kabisa, alimalizia kwa kusema Carthage lazima iangamizwe.

Mwaka 149 Roma ilidai silaha zote za Carthage. Zikatolewa. Kisha ikadai watu wauhame mji wao wakajenge mwingine kilomita 15 mbali na bahari. Kwa mji unaoishi kwa biashara ya meli, hiyo ilikuwa hukumu ya kifo, nao wakakataa. Mwanahistoria Appian anasimulia kwamba walianza upya kufua silaha usiku na mchana, na wanawake walinyoa nywele zao ili zisokotwe kamba za mitambo ya kurushia mawe.

Walishikilia miaka mitatu. Mwaka 146 Warumi walipenya kupitia bandarini, wakapigana nyumba kwa nyumba kwa siku sita, wakipanda kuelekea kilima hiki tulichosimama. Watu wapatao 50,000 waliteremka wakasalimu amri, wakauzwa utumwani. Jemadari wa mji, Hasdrubal, naye alijisalimisha. Mkewe, kwa mujibu wa Appian, alimlaani mbele ya Warumi wote, kisha akajitosa pamoja na watoto wao katika moto uliokuwa ukiliteketeza hekalu.

Mama wa Algeria alimvuta mwanawe mdogo karibu naye. Hakuna aliyesema neno kwa muda.

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba Warumi walimalizia kwa kumwaga chumvi ardhini ili pasiote kitu tena. Kiongozi wetu alitikisa kichwa. Hakuna mwandishi hata mmoja wa kale anayetaja chumvi hiyo. Ni hadithi iliyoongezwa karne nyingi baadaye. Jambo lililofanyika kweli, alisema, linamwuma zaidi yeye kama mwalimu: maktaba za mji ziligawiwa wakuu wa falme jirani, na leo hakuna kitabu hata kimoja kilichobaki. Warumi walichagua kazi moja tu ya kuifasiri kwa Kilatini, vitabu 28 vya ukulima vilivyoandikwa na Mkarthago aitwaye Mago. Wataalamu wa kilimo wa Kirumi walimheshimu Mago kama baba wa elimu yao. Navyo pia vimepotea, isipokuwa vipande vilivyonukuliwa na wengine.

Udongo uliohifadhi

Tulishuka hatua chache upande wa kusini wa kilima, tukajikuta katikati ya mtaa. Hakika ni mtaa, wenye njia zilizonyooka, ngazi za mawe, na kuta za nyumba zilizobaki hadi kiuno au kifua cha mtu. Hii ndiyo sehemu inayoitwa mtaa wa Hannibal, kwa kuwa huenda ilijengwa wakati alipokuwa kiongozi wa mji, miaka kama 50 kabla haujaangamizwa.

Jinsi mtaa huu ulivyonusurika ni kisa cha ajabu. Zaidi ya miaka 100 baada ya kuuchoma mji, Warumi wenyewe waliamua kujenga mji wao mahali hapo hapo, kazi iliyofikiriwa na Julius Caesar na kutekelezwa na Augustus. Walitaka uwanja mpana wa majengo ya serikali, basi wakakikata kilele cha Byrsa, na udongo wote wakaumwaga mbavuni mwa kilima. Udongo huo ulizifukia nyumba za Wakarthago. Wachimbuaji wa Kifaransa walipoufukua katika miaka ya 1970 walizikuta mahali zilipoachwa. Warumi walidhani wanafuta, kumbe wanahifadhi.

Kila nyumba ilikuwa na tangi lake la maji chini ya sakafu, la kuhifadhi mvua iliyotoka paani. Wakazi wa mitaa ya Nairobi ambako mfereji hukauka juma zima wangezielewa nyumba hizi bila kuhitaji kiongozi.

Swali la mtoto

Gari lilituteremsha hadi karibu na bahari, mtaa wa Salammbo, ambako kati ya nyumba za kifahari kuna kiwanja chenye miti na vivuli kinachoitwa Tophet. Wataalamu waliliazima jina hilo kutoka Biblia, katika kitabu cha Yeremia. Kiligunduliwa mwaka 1921. Humo kumesimama mawe mengi madogo, mengine yamechongwa alama ya mungu wa kike Tanit: pembe tatu, mstari juu yake, na duara, kama mtu aliyeinua mikono. Chini ya mawe hayo kulizikwa maelfu ya vyungu vilivyojaa majivu na mifupa ya watoto wachanga, na vingine vya wanakondoo.

Mvulana wa Algeria, wa miaka kama kumi, aliuliza swali ambalo sisi wazima tuliogopa kuliuliza. Je, ni kweli watu hawa waliwachoma watoto wao?

Mwalimu mstaafu aliinama hadi macho yao yakalingana, akamjibu kama mtu mzima mwenzake. Waandishi wa Kigiriki na Kirumi, alisema, walidai Wakarthago waliwatoa watoto sadaka kwa mungu Baal Hammon. Wataalamu wengi wa leo wanaamini kuwa ndivyo, angalau nyakati za shida kuu. Wengine wanasema hapa palikuwa makaburi ya watoto waliokufa kabla au mara tu baada ya kuzaliwa. Hata meno yaliyoungua yamepimwa na makundi mawili ya wanasayansi, nayo yakatoa majibu tofauti kuhusu umri wa watoto hao.

"Na wao wenyewe walisema nini?" mtoto akauliza.

Mama huyo alimshika mkono akampeleka kwenye jiwe moja. Hapa, alisema, ndipo mahali ambapo Wakarthago wenyewe wanazungumza nasi. Waliandika juu ya mawe haya, na maelfu ya maandishi hayo yanafanana: kwa Tanit na kwa Baal Hammon, nadhiri ya fulani mwana wa fulani, kwa kuwa mungu aliisikia sauti yake. Basi. Hakuna maelezo, hakuna kujitetea. Ni baba au mama tu anayeshukuru kwamba alisikilizwa.

Mtoto aliutazama mchoro kwa muda mrefu. Nilipoangalia nyuma wakati wa kuondoka alikuwa ameinua mikono yake miwili hewani, akijilinganisha nao.

Mwendo mfupi kutoka hapo kuna vidimbwi viwili vya maji matulivu, na mashua za wavuvi zimefungwa kandokando. Hutaamini kuwa hizi ndizo bandari zilizoitisha Roma. Kimoja kilikuwa bandari ya biashara. Kingine, cha mviringo chenye kisiwa katikati, kilikuwa cha meli za kivita. Appian aliandika kuwa kiliweza kupokea meli 220, na kwa miaka mingi wasomi walimwona mtia chumvi. Wachimbuaji Waingereza wa miaka ya 1970 walipata misingi ya mabanda ya meli kisiwani, ikaonekana hakuwa mbali sana na ukweli. Adui pia, mara nyingine, husema kweli.

Mabafu ya Antoninus

Chakula cha mchana tulikila La Goulette, mji wa bandari unaosifika kwa samaki. Walituletea brik, aina ya sambusa nyembamba yenye yai bichi ndani linaloivia kwenye mafuta. Ukiuma vibaya, kiini kinakutiririka kidevuni, kama kilivyomtendea mzee wa Kijerumani. Pilipili yao, harissa, itawafaa Wakenya wanaodhani hakuna pilipili kali nje ya Mombasa.

Alasiri tulifika kwenye mabafu ya Antoninus, yaliyojengwa kando kabisa ya bahari katika karne ya pili baada ya Kristo. Yalikuwa makubwa kuliko yote katika Afrika ya Warumi, na miongoni mwa makubwa zaidi katika milki nzima. Maji yake yalitoka Zaghouan milimani, kupitia mfereji wa mawe wenye urefu wa kilomita 132 ukiuhesabu pamoja na matawi yake. Nguzo moja imesimamishwa upya ili mgeni apate kukisia kimo cha jengo. Ina zaidi ya mita 15, nasi chini yake tulionekana kama siafu.

Lakini nguzo na kuta tunazopita kati yake sasa ni za orofa ya chini tu. Kumbi za marumaru walimooga matajiri zilianguka zamani. Palipobaki ndipo walipofanya kazi watumwa, wakichochea tanuri na kubeba kuni. Historia ina namna yake ya kugeuza mambo.

Ikulu ya rais wa Tunisia imepakana na magofu haya, na askari walitupungia mkono tusielekeze kamera upande huo.

Carthage ya Warumi ilikuwa kati ya miji mikubwa kabisa ya milki yao. Mwaka 203 wanawake wawili vijana, Perpetua na mtumwa Felisita, waliuawa katika mji huu kwa ajili ya imani yao ya Kikristo. Habari ambazo Perpetua aliandika akiwa gerezani ni kati ya maandishi ya kale zaidi ya mwanamke Mkristo tuliyo nayo. Askofu Cyprian alikatwa kichwa hapa mwaka 258, na Mtakatifu Augustino alikuja kusoma hapa akiwa kijana. Mji ulitekwa na Wavandali mwaka 439, ukarudi mikononi mwa milki ya mashariki mwaka 533, na mwaka 698 ukaangukia Waarabu, ambao walipendelea kuikuza Tunis.

Nguzo na mawe yaliyokatwa vizuri yakabebwa yakajenge kwingine. Baadhi ya nguzo za msikiti mkuu wa Zitouna jijini Tunis zilitoka katika magofu haya. Nilikuwa nimezipita siku mbili kabla bila kujua nilikuwa nikiitazama Carthage.

Hatari ya siku hizi ni ya aina nyingine, nayo Wakenya tunaijua vizuri. Magofu haya yaliandikishwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 1979, lakini viwanja vyenye mandhari ya bahari vina thamani kubwa. Chini ya utawala wa Rais Ben Ali baadhi ya ardhi iliyohifadhiwa iliondolewa katika orodha na kuingia mikononi mwa watu waliokuwa karibu na wakubwa. Baada ya utawala huo kupinduliwa mwaka 2011, maagizo hayo yalifutwa. "Roma ilikuja mara moja," kiongozi wetu alisema, "lakini wanyakuzi huja kila kizazi."

Kijiji cheupe na samawati

Siku yetu ilimalizikia Sidi Bou Said, kijiji kilichoko juu ya jabali, kilichopewa jina la mcha Mungu Abu Said al-Baji, aliyezikwa huko mwaka 1231. Nyumba zote ni nyeupe pe, na milango na madirisha yake ni ya rangi ya samawati. Milango imepigiliwa misumari myeusi iliyopangwa ikafanya nyota na miezi. Nilikumbuka milango ya Lamu, ingawa ya Lamu urembo wake hasa ni wa kuchongwa. Kijiji kimelindwa kisheria tangu mwaka 1915, kwa juhudi za mchoraji na mpenzi wa muziki wa Kiarabu, Rodolphe d'Erlanger, ambaye jumba lake sasa ni kituo cha muziki huo.

Njiani wachuuzi walikaanga bambalouni, donge la unga lililotobolewa katikati na kupakwa sukari. Mla mahamri hatahitaji kufundishwa kulila. Wanaume walipita na vishada vya asumini vimechomekwa sikioni, jambo ambalo lingewachekesha mabibi wa Mombasa, ambao huona kikuba kuwa pambo la mwanamke.

Tuliketi kwenye mkahawa ulio ukingoni mwa jabali, tukanywa chai ya nanaa yenye njugu za msonobari zikielea juu. Chini yetu bahari ilikuwa na rangi mbili, kijani karibu na ufuo na samawati nzito mbali. Kiongozi wetu alitusimulia kichekesho cha mwisho. Vita vya tatu kati ya Roma na Carthage havikuwahi kumalizwa kwa mkataba, kwa sababu hakukubaki mtu wa kutia sahihi. Basi mwaka 1985 meya wa Roma alikuja Carthage, yeye na meya mwenzake wakatia sahihi mkataba wa amani, karibu miaka 2,130 baadaye.

Yule mvulana wa Algeria alikuwa amekaa karibu nami. Kupitia kwa mama yake, aliyejua Kiingereza, aliniuliza kama Kenya nayo ina mji uliokufa. Nilimweleza juu ya Gede, kati ya Malindi na Watamu: msikiti, jumba la mfalme na makaburi ndani ya msitu, mji uliohamwa katika karne ya 17. Nilimwambia kuwa Wareno walikaa Malindi, jirani kabisa, na bado hawakuutaja mji huo. Mwaka 2024 nao uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia.

"Sasa ni nani aliyeisimulia?" akauliza.

Nilijibu kuwa ni wachimbuaji, kuanzia mwaka 1948, na wazee wa pwani. Akauliza ndani kukoje. Hapo nilikwama. Nimelipita lango la Gede mara nyingi nikienda ufuoni na watoto wangu, na kila mara tulikuwa na haraka ya kuwahi kuogelea.

Nilimwambia ukweli huo. Alinitazama kwa mshangao, kama mtu anayeambiwa kuwa jirani yake ana ndovu nyumbani na hajawahi kwenda kumwona. Likizo ijayo, gari letu litasimama kwanza Gede. Ufuo utangoja.